Kuuza ng'ombe mbili juu ya diploma ya munganga wa mifugo? Tufanye hesabu kwanza



Katika mukutano moja upande wa Walungu, wakati watu walikuwa wameanza kusimama ili warudi kwao, mama moja aliinua mukono. Akasema: «Ba agronome, mimi niko na ng'ombe mbili na kijana moja. Kijana anamaliza mwaka wa 8, anasema anataka kusomea mifugo. Niuze ng'ombe nimusomeshe, ao nibaki na ng'ombe?» Watu walicheka, juu walisikia ni jambo la ajabu kuuza mifugo ili kupata munganga wa mifugo. Lakini yeye hakucheka. Na sisi tuliona hatukuwa na jibu la haraka. Tulimuambia tutarudi na hesabu.

Hesabu yenyewe njo hii. Tunaiandika hapa kwani swali lake si lake peke yake. Kila musimu, mbele masomo yaanze, tunalisikia katika koperative nyingi: wazazi wanauza mbuzi, shamba, ao wanakopa katika AVEC, juu ya diploma ambayo hawajui itarudisha nini. Sisi wenyewe tulisomea agronomia, hatukatai masomo. Lakini tunajua pia ule mwaka wa kwanza kisha masomo, wakati mutu anatembea na diploma ndani ya anvelopi, kutoka ofisi hii kwenda ofisi ile, na nyumbani wanangojea aanze kusaidia wadogo zake.

«Veterineri» ni nani?

Huku kwetu kila mutu mwenye kubeba sindano anaitwa veterineri. Lakini kuna ngazi nne, na kila ngazi iko na bei yake.

Ngazi ya kwanza ni muchanjaji wa kijiji. Anafundishwa siku chache ao majuma machache, mara nyingi na mradi pamoja na huduma ya Serikali. Anajua kuchanja kuku, kutoa dawa ya minyoo, kusafisha kidonda, na kupeleka habari upesi wakati mifugo inaanza kufa. Hana diploma, na anapashwa kufanya kazi chini ya munganga wa Serikali.

Ngazi ya pili ni A2. Mutoto akimaliza mwaka wa 8, anaingia humanite ya ufundi, sehemu ya mifugo, miaka 4, kisha anafanya Exetat na kupata diploma ya Serikali, ile tunaita D6.

Ngazi ya tatu ni institi ya juu. Zamani ilikuwa graduat ya miaka 3, watu walisema A1. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vilianza kuingia katika mufumo wa LMD, na sasa ni licence ya miaka 3.

Ngazi ya ine ni daktari wa mifugo. Huyu anasoma miaka 6 hivi katika fakilte, kama ile ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ao ile ya Chuo Kikuu Katolika cha Graben, kule Butembo.

Musisahau kitu kimoja: masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za musingi za Serikali. Humanite na chuo, muzazi njo analipa.

Hesabu ya kwanza: kusoma kunakula feza ngapi?

Bei tunazoandika hapa ni za mufano. Tumezichagua ziwe rahisi kuhesabu. Ninyi muende muulize bei za shule munayoifikiria, kisha muandike zenu fasi ya hizi. Namna ya kuhesabu njo ya maana.

Tuanze na licence ya miaka 3 katika muji, mbali na nyumbani. Kila mwaka:

- minervali na malipo mengine ya chuo: dolari 400
- chumba, dolari 15 kwa mwezi, miezi 10: dolari 150
- chakula, dolari 30 kwa mwezi, miezi 10: dolari 300
- silabusi, bluzi, buti, staji na safari: dolari 150

Jumla ni dolari 1.000 kwa mwaka, dolari 3.000 kwa miaka 3. Ongeza dolari 200 za kazi ya mwisho na kutoa diploma. Ongeza dolari 300 za vyombo vya kuanzia kazi: boksi ya barafu, sindano, buti, dawa za kwanza. Tunafika 3.500.

Kuna pia feza ambayo haionekani katika resi. Kama kijana angebaki, angelima, angebeba mizigo, angechunga. Tuseme kazi yake inaingiza dolari 25 kwa mwezi nyumbani. Kwa miaka 3 hiyo ni dolari 900 ambazo nyumba haitaziona. Kwa hiyo bei ya kweli ya licence katika mufano wetu ni dolari 4.400.

Sasa turudi kwa mama wa Walungu. Tuseme ng'ombe moja inauzwa dolari 400. Ng'ombe zake mbili zinatoa 800. Hazifikishi hata mwisho wa mwaka wa kwanza. Hapa njo kuna hatari kubwa kuliko zote. Mutoto anaanza vizuri, feza inaisha, katika mwaka wa pili anafukuzwa juu ya minervali, anarudi nyumbani. Ng'ombe zimeenda, diploma haiko. Mutu aliyesoma nusu hana karatasi ya nusu ya kuonyesha.

Na ng'ombe iliyouzwa haikuwa dolari 400 tu. Ilikuwa maziwa, samadi ya shamba, na ndama wa mwaka kesho. Tunajua namna gani ilikuwa nguvu kurudisha ng'ombe katika Kivu kisha vita vilivyoanza 1996, wakati mifugo iliibiwa milima mizima na watu wakabaki na simbiliki, juu simbiliki njo ilikuwa rahisi kuficha na kukimbia nayo. Mutu asitoe ng'ombe mama bila hesabu.

Tuangalie sasa ngazi ya A2. Hapa watu wengi wanakosea hesabu. Wanachukua feza yote ya miaka 4 ya humanite na kusema: «Hii njo bei ya kuwa munganga wa mifugo.» Hapana. Huyu mutoto angesoma humanite kwa vyovyote: kama si mifugo, ingekuwa pedagojia ao biashara. Minervali angelipa tu. Bei ya kweli ni ile inayoongezeka juu amechagua mifugo. Tuseme ni dolari 40 kwa mwaka, kwa bluzi, buti na mazoezi ya mukono: dolari 160 kwa miaka 4. Ongeza vyombo vya kuanzia, dolari 300. Jumla dolari 460.

Muone tofauti: 4.400 na 460. Lakini kama shule ya mifugo iko mbali na mutoto analazimika kulipa chumba na chakula, muongeze hiyo pia, hesabu itapanda sana.

Hesabu ya pili: kazi inaingiza ngapi?

Watu wanauliza: «Veterineri anapata mushahara gani?» Swali hili linafaa kwa mutu atakayeajiriwa. Lakini nafasi ni chache. Na katika kazi ya Serikali munajua mambo yalivyo: wapya wengi wanafanya kazi miaka bila namba ya matricule na bila mushahara. Kwa hiyo tuhesabu kama vile munganga atakula kwa jasho lake kijijini. Hapo mapato yanategemea kitu kimoja: ni mifugo ngapi iko fasi anayoweza kufika kwa miguu, na wenye mifugo wanalipa ao hawalipi.

Tuchukue koperative yenye nyumba 150 katika vijiji vitatu. Iko na kuku 2.000, mbuzi 600, nguruwe na ng'ombe kidogo. Ili hesabu iwe rahisi, tuseme dolari 1 ni franga 2.500.

Kuku: chanjo ya Newcastle, ule ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Chanjo ya kutia tone moja katika jicho inarudiliwa kila miezi 3 ao 4. Tuhesabu mara 3 kwa mwaka, franga 250 kwa kuku moja. Kuku 2.000 mara 3 ni 6.000, mara franga 250 ni franga 1.500.000, ni kusema dolari 600. Nusu inaenda kununua chanjo, barafu na safari. Kunabaki dolari 300.

Mbuzi: dawa ya minyoo mara 2 kwa mwaka, franga 1.000 kila mara. Mbuzi 600 mara 2, mara 1.000, ni franga 1.200.000, dolari 480. Dawa inakula dolari 288. Kunabaki dolari 192.

Kuitwa nyumbani: kidonda, ng'ombe anashindwa kuzaa, nguruwe wa kuhasi, ndama wa kupe. Tuseme mara 10 kwa mwezi, franga 5,000 ya kazi yake kila mara, mbali na bei ya dawa. Ni franga 50.000 kwa mwezi, dolari 20, ao dolari 240 kwa mwaka.

Jumla: 300 na 192 na 240 ni dolari 732 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12: dolari 61 kwa mwezi.

Si mali. Lakini ni zaidi ya mara mbili ya dolari 25 tulizosema angeingiza bila kazi hii. Na siku zingine anaweza bado kulima. Faida inayoongezeka juu ya kazi ya mifugo ni 732 kutoa 300, ni kusema dolari 432 kwa mwaka.

Sasa tuweke hesabu mbili pamoja. Mwenye A2, aliyetoa dolari 460 zaidi, anazirudisha kwa muda unaopita mwaka moja kidogo tu. Mwenye licence, aliyetoa 4.400, akirudi kufanya kazi katika vijiji vile vile vitatu, atahitaji miaka 10 na zaidi. Kwa nini? Juu kuku wa vijiji vitatu hawaongezeki kwa sababu munganga ana licence. Ni wale wale 2.000, na bei ya tone ni ile ile.

Hatusemi licence haina kazi. Kama kuna kazi ya kweli inayongojea, tuseme ya dolari 200 kwa mwezi katika mradi, katika farma kubwa ao katika duka la dawa za mifugo, hesabu inageuka: masomo yanarudi kwa miaka 2 hivi. Pia katika fasi za ng'ombe wengi wa maziwa, kama milima ya Masisi, mutu mwenye elimu ya juu na moto anaweza kuzunguka fasi kubwa na kupata zaidi. Lakini kazi hiyo muione kwanza. «Watu wa mashirika watamuchukua» ni matumaini tu, msiiandike katika hesabu.

Deni linaua kuliko ugonjwa

Hapa tunaomba musome polepole, kwani jambo hili tumeliona likifunga kazi ya vijana wazuri.

Katika hesabu yetu, kwa mwaka munganga anapokea dolari 600 za kuku, 480 za mbuzi, na 240 za kuitwa. Jumla ni 1.320 mikononi mwake. Tuseme robo ya watu wanasema «nitakulipa kisha soko» na hawalipi. Robo ya 1.320 ni 330. Mutu anaweza kufikiri munganga amepoteza robo ya faida yake. Hapana. Chanjo na dawa alikuwa amekwisha kuzinunua, zile za wasiolipa pia. Kwa hiyo 330 zote zinatoka katika faida. 732 kutoa 330 ni 402. Faida imepunguka karibu nusu. Kwa mwezi anabaki na dolari 33 na kitu, hazipiti sana zile 25 ambazo angepata kwa jembe.

Munganga wa namna hiyo anafanya nini? Kwanza anapunguza dawa: fasi ya kipimo kamili anapiga nusu, na ugonjwa unazoea dawa. Kisha ananunua chanjo ya bei ya chini iliyolala katika jua. Mwisho anaondoka, anaenda kuendesha moto mujini. Watu wanasema: «Tulimusomesha, akatukimbia.» Mara nyingi si yeye aliyekimbia kwanza. Ni wateja walioacha kulipa.

Faida kubwa iko wapi?

Mupaka hapa tumehesabu mufuko wa munganga tu. Tuangalie sasa zizi la wanachama.

Kuku 2.000 za koperative yetu ya mufano, tuseme moja ni franga 12.500, dolari 5. Newcastle ikipita bila chanjo na kuchukua nusu, na inaweza kuchukua zaidi ya nusu, kuku 1.000 wamekufa. Ni dolari 5.000 zimeenda kwa juma moja ao mawili. Chanjo ya mwaka mzima kwa wote inaomba dolari 600.

Mbuzi pia. Mwaka 2012 FAO ilitoa onyo juu ya tauni ya mbuzi na kondoo, PPR, iliyokuwa inaua mbuzi wengi hapa Kongo. Chanjo yake iko, na sindano moja inalinda mbuzi miaka 3 ao zaidi. Ndiyo sababu FAO na shirika la dunia la afya ya mifugo wanataka kumaliza ugonjwa huu duniani mwaka 2030. Lakini chanjo ya Serikali ao ya mradi ikifika kwenye teritware, inaenda kwanza fasi yenye mutu wa kuipokea, mwenye boksi ya barafu na listi ya mifugo. Kijiji bila mutu huyo kinasikia tu kama chanjo ilipita.

Kuna faida nyingine, ile ya munganga anayejua kusema hapana. Tauni ya nguruwe ya Afrika haina dawa, na hakuna chanjo ya kununua hapa kwetu. Mutu akikuuzia sindano ya kuiponyesha, amekula feza yako bure. Munganga aliyesoma atakuambia: funga nguruwe wazima, usilete nguruwe mupya, pika mabaki ya chakula mbele ya kuwapa, wafu uwazike. Tena ng'ombe akikufa gafula na damu nyeusi inatoka puani ao nyuma, atakataza kumupasua na kugawa nyama, juu inaweza kuwa kimeta, ile wengine wanaita sharbo, na kimeta kinaua watu. Neno moja kama hilo linaweza kuokoa jamaa nzima. Hakuna anayelilipa.

Hii njo kiini cha hesabu yetu. Kijana anapata dolari 432 zaidi kwa mwaka. Koperative inaokoa maelfu. Faida kubwa haiko katika mufuko wa munganga, iko katika mazizi yetu. Basi kwa nini gharama yote ikae juu ya ng'ombe mbili za mama moja? Anayevuna aje pia kulima.

Turudi kwa dolari 460 za A2. Tuzigawe kwa nyumba 150: ni dolari 3 na makuta kidogo kwa nyumba, kwa muda wa miaka 4. Haifiki bei ya kuku moja.

Makubaliano ya kuandika

Koperative ikikubali kusaidia, musiache jambo katika maneno ya mudomo. Muandike karatasi, na kijana, muzazi na komite watie saini. Haya njo mambo ya kuweka ndani:

1. Kuhesabu mifugo mbele ya yote. Mutembee nyumba kwa nyumba, muandike kuku, mbuzi, nguruwe, ng'ombe. Kama kuku ni 300 tu, kazi haitalisha mutu. Muungane na koperative ya jirani ao mubaki na muchanjaji wa kijiji.

2. Kuchagua mutoto mbele ya wote. Asiwe tu mutoto wa prezida. Achaguliwe yule anayependa mifugo na anayeonekana atabaki. Musisahau wasichana: kuku na mbuzi kwa sehemu kubwa ni mikononi mwa wamama, na mama anamuambia munganga mwanamuke mambo ambayo hatamuambia kijana mwanaume.

3. Vyombo ni mali ya koperative. Dolari 300 za kuanzia ni mukopo. Munganga akirudisha dolari 10 kwa mwezi, kwa miezi 30 amemaliza, na feza ile inaweza kusaidia mutoto mwingine.

4. Kulipa siku ile ile. Mwenye hana feza apeleke mayai ao kilo ya maharagi kwenye koperative, koperative imulipe munganga. Deni libaki kati ya mwanachama na koperative, lisiingie katika boksi ya dawa.

5. Siku za chanjo zijulikane tangu mwanzo wa mwaka. Chupa ya chanjo iko na madozi mengi, na ikifunguliwa inapashwa kumalizika siku ile. Watu 5 wakileta kuku na wengine wakingojea wiki kesho, chupa inatupwa na bei inapanda.

6. Kujulisha huduma ya mifugo ya teritware. Munganga afanye kazi chini ya macho ya Serikali, na apeleke ripoti. Bila hiyo hatapata chanjo za kampeni, na siku ya matata hatakuwa na mutu wa kumutetea.

7. Muda wa kubaki. Tunashauri miaka 3. Akiondoka mbele, vyombo vinabaki, na sehemu ya mukopo iliyobaki inarudishwa.

Mbele ya kuandikisha mutoto

Shule ni nyingi siku hizi, na zingine ziko na kibao kizuri tu. Muzazi aende mwenyewe, asitume mutu. Aombe kuona karatasi ya Serikali inayoruhusu shule kufundisha sehemu ya mifugo. Aulize: shule iko na mifugo ngapi yake? Wanafunzi wanashika sindano mwaka gani? Staji inafanyikia wapi, na nani anailipa? Kisha atafute wawili watatu waliomaliza miaka 2 iliyopita, awaulize sasa wanafanya nini. Jibu la hao linapita maneno ya prefe. Shule isiyo na hata mbuzi moja itafundisha mifugo katika kitabu, na mutoto atakuja kujifunza juu ya mbuzi zenu.

Aombe pia bei yote kwa maandishi, si minervali tu. Malipo madogo madogo ya katikati ya mwaka njo yanafukuza watoto.

Jibu kwa mama wa Walungu

Mama, tulirudi kama tulivyoahidi, na tulikuambia mbele ya wenzako: usiuze ng'ombe. Kijana wako aingie sehemu ya mifugo katika humanite, kama shule iko karibu na umeiona kwa macho. Wakati wa likizo afuatane na munganga wa teritware, ajifunze kuchanja, aanze kuingiza franga kidogo. Akipata D6, afanye kazi hapa miaka 2 ao 3. Kama bado anatamani licence, ataenda akiwa anajua kazi na akiwa na sehemu ya feza yake mwenyewe. Wakati huo, ukitaka, uza ndama, si mama wa ndama.

Na kwa koperative tulisema hivi: mama huyu asibebe muzigo peke yake. Kuku wote wa vijiji vitatu watakunywa katika kisima hicho.

Walitupatia kazi na sisi tukawapatia yao. Katika mukutano unaokuja wataleta daftari yenye hesabu ya mifugo, nyumba kwa nyumba. Koperative zingine zinazosoma hapa, mufanye vilevile: muchukue hesabu zetu, mutoe bei zetu, mutie zenu. Kama kisha hesabu munaona namba zinakataa, musione haya kungojea mwaka moja. Ng'ombe iliyo hai katika zizi inaweza kungojea pamoja nanyi.